Jinsi Haidrojeni Ilivyosingiziwa Mistari ya Nyota

Kila askari polisi aliyewahi kushughulikia kesi ya wizi anaijua thamani ya alama ya kidole iliyoachwa juu ya kioo cha dirisha. Mwizi aweza kubadili jina, kunyoa ndevu na kuhamia wilaya nyingine, lakini kidole chake ni kile kile. Kadhalika, ndugu msomaji, kila elementi iliyomo ulimwenguni ina alama zake, nazo huziacha ndani ya mwanga inaoutoa inapowaka. Leo napenda niwasimulie kesi moja ya alama za namna hiyo. Ilianza mwaka 1896 na kumalizika mwaka 1913. Mshtakiwa alikuwa haidrojeni, alama zilionekana katika nyota, na kwa miaka kumi na saba wataalamu wenye sifa kubwa waliyakubali mashtaka. Kumbe aliyeziacha alikuwa mwingine.

Tuanzie jikoni, kwani huko ndiko ushahidi ulipo karibu. Mama wa nyumbani apikaye kwa gesi au kwa spiriti ameona mara nyingi kwamba chumvi kidogo ikimwagikia moto wa buluu, moto ule hugeuka manjano mara moja. Manjano ile ni alama ya sodiamu iliyomo ndani ya chumvi, wala hakuna elementi nyingine itoayo manjano hiyo hasa. Mwanga wa jua ukipitishwa katika kipande cha kioo chenye pembe tatu hutandazika na kuwa rangi zote za upinde wa mvua, zikifuatana bila pengo. Lakini mwanga wa gesi inayong'aa ndani ya bomba la kioo, ukipitishwa hapo hapo, hautandazi upinde mzima. Hutoa mistari michache myembamba, kila mmoja na rangi yake, na kati ya mstari na mstari ni giza tupu. Mwenye kisahani king'aavu cha muziki nyumbani na akielekeze kwenye taa ya tyubu wakati wa usiku, kisha akiinamishe polepole. Ataona rangi zimegawanyika mafungu mafungu, tofauti na zile azionazo kwa taa ya balbu ya waya.

Haidrojeni ndiyo elementi nyepesi kuliko zote. Atomu yake ina kiini chenye protoni moja tu na elektroni moja tu iliyo nje ya kiini hicho. Katika mwanga uonekanao kwa macho, alama zake zilizo wazi ni mistari minne: mmoja mwekundu, mmoja wa buluu inayoelekea kijani, na miwili ya zambarau. Mtaalamu wa Sweden aitwaye Ångström aliipima kwa uangalifu mkubwa katika karne ya 19, na vipimo vya urefu wa mawimbi yake, kwa nanometa, ni 656.3, 486.1, 434.0 na 410.2. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Tarakimu hizo ziliwekwa vitabuni zikakaa, wala hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa nini ni hizo na si nyingine.

Aliyeufungua mlango wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule. Niruhusuni, mimi niliyewahi kushika chaki, nisimame hapa kidogo. Johann Balmer alifundisha hesabu katika shule ya wasichana mjini Basel, Uswisi. Hakuwa mtaalamu wa fizikia. Alipenda tarakimu jinsi watu wengine wanavyopenda bao. Mwaka 1885, alipokuwa na umri wa miaka 60, alitangaza kwamba mistari ile minne yote hupatikana kutokana na tarakimu moja, 364.56, ikizidishwa kwa sehemu nne: tisa juu ya tano, nne juu ya tatu, ishirini na tano juu ya ishirini na moja, na tisa juu ya nane. Chukua penseli ujaribu mwenyewe. 364.56 mara 9, ugawe kwa 5, unapata 656.2. Mara 4, ugawe kwa 3, unapata 486.1. Na sehemu hizo hazikuokotwa ovyo. Zina kanuni: twaa namba kamili, yaani 3, 4, 5 au 6, uizidishe kwa yenyewe, kisha jibu uligawe kwa jibu lilo hilo lililopunguzwa 4. Kwa 3 ni 9 juu ya 5. Kwa 4 ni 16 juu ya 12, ambayo ni 4 juu ya 3. Balmer aliendelea hadi 7 akabashiri mstari wa tano karibu na 397, na mwenzake akamjulisha kwamba mstari huo ulikwisha kuonekana tayari, pamoja na mingine kadhaa, katika mwanga wa nyota nyeupe. Tafadhali likumbuke neno moja katika kanuni hiyo: namba kamili. Kesi yetu yote imesimama juu yake.

Sasa twende angani. Katika mwezi wa Machi, mnamo saa mbili na nusu usiku, mtu aliye karibu na ikweta akitazama kusini ataiona Canopus, nyota kubwa ambayo Waarabu huiita Suheili. Kushoto kwake iko nyota nyingine yenye mwanga wa wastani, iitwayo Naos au Zeta Puppis. Puppis maana yake ni tezi ya merikebu, kwani watu wa kale waliona chombo kizima katika nyota za upande ule. Naos ni nyota yenye joto la ajabu; uso wake una nyuzi kama 40,000, ilhali uso wa jua letu haufiki 6,000.

Kituo cha nyota cha Harvard, nchini Marekani, kilikuwa na tawi huko Arequipa, Peru, mahali ambapo nyota za kusini huonekana vizuri. Picha zake zilipigwa juu ya vioo na kusafirishwa hadi Marekani, na huko zilikaguliwa na wanawake walioajiriwa kwa kazi hiyo. Kiongozi wao alikuwa Williamina Fleming, mzaliwa wa Dundee, Scotland. Mama huyu alifundisha shule akiwa bado msichana, akaolewa, akavuka bahari, akaachwa na mumewe akiwa mjamzito, akafanya kazi ya utumishi wa ndani nyumbani kwa mkuu wa kituo kile, Edward Pickering. Mwaka 1881 Pickering alimpa kazi kituoni, akadumu nayo mpaka alipofariki mwaka 1911, baada ya kupanga nyota kwa maelfu kwa kuzisoma alama zao. Wake zetu wanaoambiwa kwamba elimu imewapita kwa kuwa wameanza na ufagio, na wamsikie.

Mwaka 1896 Pickering alitangaza kwamba katika mwanga wa Naos imo mistari ya haidrojeni kama kawaida, na katikati ya mistari hiyo imo mingine isiyojulikana. Katika mfululizo wa mistari hiyo mmoja uko karibu na 541, mwingine karibu na 454, mwingine karibu na 420. Ilikaa kwa mpangilio mzuri mno kiasi cha kutodhaniwa kuwa ni ya nasibu. Na ukitaka kuipata kwa kanuni ya mwalimu Balmer, unaweza, ila badala ya 3, 4 na 5 unatia 3.5, 4.5 na 5.5. Basi ikasemwa kwamba haidrojeni, katika joto la nyota ile, ina mistari ya nusu pia. Mwaka 1912 Alfred Fowler wa London, mpimaji hodari wa mistari, alipitisha umeme wenye nguvu katika bomba lenye haidrojeni iliyochanganywa na heliamu, akaiona mistari ya namna hiyo hapa hapa duniani, ukiwemo mmoja mkali wenye 468.6. Yeye naye aliiandikia haidrojeni. Bombani walikuwamo wawili, lakini yule aliyekwisha kutajwa ndiye aliyekamatwa.

Wakati huo kijana mmoja wa Denmark, Niels Bohr, mwenye umri wa miaka 27, alikuwa akitafuta jinsi atomu inavyoweza kusimama bila kubomoka. Mwaka 1912 alikuwa Manchester kwa Profesa Rutherford, aliyegundua kiini cha atomu. Mapema mwaka 1913, huko Copenhagen, rafiki yake aitwaye Hansen alimwuliza nadharia yake inasema nini juu ya mistari ya mwanga, akamwelekeza kwenye kanuni ya Balmer. Bohr alieleza baadaye kwamba alipoiona tu, mambo yote yalimfungukia.

Alichosema ni hiki. Fikiri kisima chenye vidato ukutani, na elektroni ndani yake. Katika haidrojeni kidato cha chini kabisa, tukiite cha 1, kiko chini ya mdomo wa kisima kwa kipimo cha nishati cha elektronivolti 13.6. Kidato cha 2 kiko chini kwa 3.4, yaani 13.6 kugawa kwa 4. Cha 3 ni 1.51, yaani 13.6 kugawa kwa 9. Cha 4 ni 0.85, na kuendelea hivyo, vidato vikizidi kukaribiana kadiri unavyopanda. Elektroni ikipewa nishati inayotosha hasa, huruka juu. Ikishuka, hutoa tofauti ya kina kwa mara moja, ikiwa chembe moja ya mwanga. Kutoka cha 3 hadi cha 2 ni 3.4 kutoa 1.51, yaani 1.89, na huo ndio mstari mwekundu wa 656.3. Kutoka cha 4 hadi cha 2 ni ule wa buluu-kijani. Mistari yote ya Balmer ni ya elektroni zinazotua katika kidato cha 2. Zinazotua katika cha 1 hutoa mwanga usioonekana kwa macho, ulio nje ya zambarau, nao ulikwisha kupigwa picha na Theodore Lyman huko Harvard mwaka 1906.

Elektroni haikai kati ya kidato na kidato. Askari atanielewa upesi: kuna koplo na kuna sajenti, wala gwaride halijapata kumwona koplo na nusu.

Nilipokuwa nikifundisha, mtoto wa sajenti mmoja aliniuliza darasani kwa nini elektroni isiteremke taratibu kama mtu ashukaye mlima, ikapita kila mahali. Sikuwa na jibu. Nikamwambia akae chini, swali hilo halimo katika mtihani. Miaka baadaye nikasoma kwamba Rutherford mwenyewe, alipopokea maandishi ya Bohr mwezi Machi 1913, alimwandikia swali linalofanana na hilo: elektroni inajuaje, kabla ya kuondoka, mahali itakapokwenda kusimama? Nikaona haya, nami naona haya hata ninapoandika. Mtoto wa darasa la saba alikuwa amesimama mahali aliposimama Rutherford, nami nikamkalisha.

Msomaji ameshaiona hatari iliyomkabili Bohr. Kama mistari ya Naos ni ya haidrojeni kweli, basi vimo vidato vya nusu, na ngazi yake ya namba kamili imevunjika. Hapakuwa na njia ya katikati: ama nyota imesomwa vibaya, ama nadharia itupwe.

Bohr alisema nyota imesomwa vibaya. Tazameni heliamu, alisema, elementi ya pili kwa wepesi. Kiini chake kina chaji mbili, na kwa kawaida ina elektroni mbili. Ikinyang'anywa moja kwa joto kali au kwa umeme mkali, inabaki ioni yenye kiini na elektroni moja tu, mfano wa haidrojeni, ila kiini huvuta kwa chaji mbili badala ya moja. Kwa hesabu yake, chaji ikiwa maradufu kina cha kisima huwa mara nne: si 13.6 tena, ni 54.4. Sasa gawa 54.4 kwa 16, upate kidato cha 4 cha heliamu hiyo. Ni 3.4, sawasawa na kidato cha 2 cha haidrojeni! Kidato chake cha 6 kinalingana na cha 3 cha haidrojeni, na cha 8 kinalingana na cha 4. Lakini heliamu ina kidato cha 7 pia, na cha 9, na cha 11. Nusu ya 7 ni 3.5. Nusu ya 9 ni 4.5. Nusu ya 11 ni 5.5. Hakuna nusu kidato popote. Ni vidato kamili vya kisima kingine, vilivyosomwa kwa rula isiyo yake. Na ule mstari wa Fowler wenye 468.6 ni wa elektroni ya heliamu ishukayo kutoka kidato cha 4 hadi cha 3.

Dai la namna hii halimalizwi kwa maneno. Huko Manchester E. J. Evans alichukua heliamu iliyosafishwa sana, akaitia katika bomba, akapitisha umeme. Mstari wa 468.6 ukatokea, na ile mistari ya kawaida ya haidrojeni haikuonekana. Mshtakiwa hakuwapo mahali pa tukio. Taarifa yake ilichapishwa katika jarida la Nature mwezi Septemba 1913.

Hapo ndipo Fowler alipofanya jambo linalonifanya nimheshimu kuliko wengi waliomo katika habari hii. Hakukasirika, wala hakukubali kwa adabu tu. Alirudi kwenye vipimo vyake, akaandika katika jarida lilo hilo kwamba hesabu ya Bohr inakaribia lakini haigongi. Kwa Bohr, visima viwili vinapaswa kuhitilafiana mara 4 kamili. Kwa vipimo ni mara 4.0016. Wengi wetu tungesema sehemu kumi na sita za elfu kumi si neno. Fowler alikuwa akipima mistari kwa usahihi uliopita huo, hivyo kwake tofauti ile ilikuwa kubwa kama nyumba.

Bohr alijibu mwezi Oktoba. Alikiri kwamba katika maandishi yake alirahisisha jambo moja: alifanya kana kwamba kiini ni kizito hata hakitikisiki. Tazama baba anayemzungusha mtoto wake uani kwa kumshika mikono. Mtoto ndiye apitaye mbali, lakini baba naye hulazimika kuyumba kidogo kwa nyuma, na baba mwembamba huyumba zaidi kuliko baba mnene. Kiini cha haidrojeni ni kizito mara 1,836 kuliko elektroni. Kile cha heliamu ni mara 7,300 hivi. Haidrojeni basi huyumba zaidi, na kuyumba huko hupunguza kina cha kisima chake kwa kiasi kidogo mno. Bohr alipoiingiza hesabu hiyo, uwiano haukuwa 4 tena. Ulikuwa 4.00163.

Fowler aliridhika. Kasoro iliyoletwa iipindue nadharia ndiyo iliyoithibitisha, kwani hakuna mtu ambaye angeweza kuibahatisha tarakimu ya tano kwa kubuni. Mwezi Septemba huo huo mtaalamu wa Hungaria, George de Hevesy, alikutana na Einstein mjini Vienna akamweleza kwamba mistari ya nyota ni ya heliamu. Katika barua aliyomwandikia Bohr, Hevesy alisema Einstein alistaajabu sana, akakiri kwamba basi ugunduzi huo ni mkubwa.

Kanuni ile haikuishia kwa heliamu. Lithiamu ikibakiwa na elektroni moja, kisima chake ni mara tisa ya kile cha haidrojeni, kwa kuwa chaji zake ni tatu. Chuma, chenye chaji 26, kikivuliwa elektroni 25, kisima chake ni karibu mara 676, na elektroni yake iliyobaki ikishuka hadi kidato cha 1 hutoa miali ya eksirei. Miali hiyo wataalamu wa nyota huiona ikija kutoka kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi katikati ya makundi ya magalaksi, nao huutambua mstari wa chuma kama vile polisi atambuavyo kidole.

Haifai kuficha kwamba nadharia ya Bohr ilikwama mapema. Kwa atomu yenye elektroni moja ilisema kweli. Kwa heliamu nzima yenye elektroni mbili ilishindwa, na picha yake ya elektroni kuzunguka kiini kama sayari imeachwa. Vidato vimebaki vile vile. Mwaka 1924 Mfaransa Louis de Broglie alidai kwamba elektroni ina tabia ya wimbi, na mwaka 1926 Erwin Schrödinger akaandika mlinganyo wa wimbi hilo, uliotoa 13.6, 3.4 na 1.51 bila kuzilazimisha.

Na humo limo jibu la mtoto wa sajenti, ambaye sasa ni mtu mzima na huenda anasoma ukurasa huu katika kambi yake mwenyewe. Isikilize tarumbeta inayowaamsha askari alfajiri, ile isiyokuwa na vitufe. Mpigaji hubadili midomo yake na pumzi yake tu, na bomba humpa sauti chache: ya chini, ya juu yake, ya juu zaidi. Akijitahidi namna gani, hapati sauti thabiti iliyo kati ya mbili hizo, kwa sababu ndani ya bomba hutulia mawimbi yale tu yanayoenea sawasawa ndani yake. Wimbi la elektroni nalo, likiwa limefungwa na mvuto wa kiini, hutulia kwa maumbo yale tu yanayokubaliana na kifungo hicho, na kila umbo lina nishati yake. Swali lake lilikuwa la haki, nami nilipaswa kumwambia asubiri kidogo nikalitafute jibu.

Mistari ya Naos ingali inaitwa kwa jina la Pickering. Siku hizi vitabuni imewekwa chini ya heliamu iliyovuliwa elektroni moja, nayo hutumiwa kuzipanga nyota zenye joto kali kuliko nyingine.